Nani Alifungua Lango

Kabeza, Kigali
2 Septemba 2025

Kaliza,

Kitabu cha saba kimefika, na ndicho cha mwisho. Keith, mpiga picha wetu pale gazetini, alikuwa Nairobi kikazi akakinunua. Nilimwagiza nakala mbili, akaleta moja. Alinieleza kwa kirefu jinsi alivyotafuta ya pili, nikamwambia nimemwelewa ili anyamaze.

Kwa kuwa shule yenu hairuhusu simu na nakala ni moja, nimeamua hivi. Nimekikata vipande vitatu kwa kisu cha ofisini. Nasoma kipande, nakiweka kwenye basi la Bukoba, baba yako anakipokea na kukufikishia shuleni. Unasoma, unaniandikia, nakutumia kinachofuata. Najua utasema kukata kitabu ni unyama. Tumekata mafaili ya mahakama miaka yote, watu watatu wakasoma faili moja kwa asubuhi moja, na halikulia hata moja.

Masharti ni yale ya barazani nilipokuwa nikikusomea. Aliye mbele hasemi mwisho. Na hakuna uongo: kichimbakazi, kile kiumbe cha ukungu cha kwenye hadithi hizi, hawezi kusema uongo, basi nasi tukiwa ndani ya kitabu hatusemi. Sharti hilo ulilitunga wewe ukiwa na miaka tisa, uliponikamata nimeruka kurasa za kitabu cha kwanza nikidhani umesinzia. Tangu siku hiyo ulikuwa ukikagua namba za kurasa kama ofisa wa forodha.

Kipande cha kwanza kinaanzia pale tulipoachwa: watu wa chuma wamemchukua Ennika alfajiri kutoka ikulu ya ukungu, na Malkia Oreth, kichimbakazi aliyemlea, amesimama dirishani. Sisemi zaidi. Sura ya soko la umande, ambako vichimbakazi wanauza vivuli vya watu kwa mafungu kama nyanya, imenichekesha peke yangu mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Nilikosa mtu wa kumsomea.

Usikisome darasani.

Shangazi Mutesi


Bukoba, shuleni
14 Septemba 2025

Shangazi mchinja vitabu,

Shikamoo! Nimekisoma chote kwa siku mbili, halafu nikakirudia polepole kwa sababu nilijionea huruma. Soko la umande! Yule kichaa anayenunua kivuli chake mwenyewe na bado anaomba apunguziwe bei! Nilimsomea Gaudiose, rafiki yangu wa Kigoma anayelala kitanda cha juu yangu, akacheka hadi matroni akaja kuuliza nani anaumwa. Sasa bweni zima limepanga foleni kwa kile kipande. Gaudiose anasema mjomba wake akija atamletea kitabu kizima kisichokatwa. Nikamwambia alete, mimi nitasubiri vipande vyangu kutoka kwa shangazi yangu. Akaniambia nimerogwa.

Na Ennika, Shangazi! Amefungwa kwa watu wa chuma, wanampa chakula kizuri, kitanda kizuri, wanamwita binti yetu, na kila usiku anahesabu milima iliyo kati yake na ikulu. Sitaki kusema namjua mtu kama huyo. Ila namjua.

Sasa nisikilize. Likizo ya Desemba nataka kurudi nyumbani. Sisemi kutembea, nasema kurudi. Baba nimempa mwaka mzima. Mama Claudette, mke wake, hana ubaya, anapika vizuri, ananiuliza kila siku nimelalaje. Lakini baba alikuja kunitoa Kabeza bila kuniuliza, na wewe hukuwa na nguvu ya kumzuia kwa sababu yeye ndiye mzazi. Nilikuona pale getini. Sasa nina miaka kumi na sita, na mwalimu mlezi ananiambia mtoto wa umri wangu akisema anataka kuishi wapi, wakubwa wanalazimika angalau kumsikiliza. Baba atasikiliza. Kinachobaki ni wewe useme ndiyo.

Chumba changu kikoje? Pazia la njano bado lipo?

Leta kipande cha pili haraka, nitakufa.

Wako, Kaliza


Kabeza, Kigali
27 Septemba 2025

Kaliza,

Kipande cha pili hiki hapa. Hutakufa.

Nimekipenda kuliko cha kwanza, pamoja na kasoro zake. Mwandishi anatuambia jeshi zima lilivuka daraja la kamba kabla ya jua kuchomoza. Nimewahi kusimama kando ya daraja la aina hiyo nikitazama watu wakivuka na magodoro yao, na nakuhakikishia jeshi lile lingekuwa bado liko darajani saa ya chakula cha mchana. Lakini vichimbakazi wa jikoni walipotoka na sufuria zao, nilisahau hesabu. Yule mzee wa supu anayepigana huku anaonja chumvi ni mtu ninayeweza kumwajiri kesho.

Kisha kuna swali ambalo kitabu chote kinalizunguka. Lango la ikulu hufunguliwa kutoka ndani tu. Watu wa chuma waliingia. Nani alifungua? Soma kama mwandishi wa habari: usimtazame anayesema sana, mtazame asiyeulizwa.

Malkia Oreth simwamini, na bado namtetea. Amelea mtoto asiye wake kwa vitabu sita, na hakuna mtu mmoja mle ndani anayemwuliza amechoka kiasi gani.

Pazia la njano lipo. Chumbani kwako hakuna mtu anayelala. Kuhusu Desemba, baba yako ndiye mzazi na sheria iko upande wake. Nitaongea naye.

Shangazi Mutesi


Bukoba
5 Oktoba 2025

Dada Mutesi,

Salamu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu hupokei. Nimempa dereva wa basi, ameahidi kukukabidhi mkononi.

Mtoto ameniambia juzi siku ya kutembelewa kwamba Desemba anarudi kwako moja kwa moja, na kwamba wewe umekubali kuongea na mimi. Alikuwa ameshaorodhesha nguo. Niongee nini, dada? Wewe na mimi tulishaongea. Ulinipigia mwenyewe mwaka jana ukasema: Rwema, nimekulelea mtoto tangu mama yake afariki, wewe ukiendesha malori, sasa una duka na mke, njoo umchukue, nimechoka, nataka nyumba yangu kabla sijazeeka. Sikukulaumu wakati ule na sikulaumu leo. Ni mtoto wangu, nilichelewa.

Lakini uliniomba nijitwike mimi, nimwambie ni uamuzi wangu. Nikajitwika. Ananichukia kwa adabu sana. Ananisalimu kama anavyomsalimu meneja wa benki. Claudette analia jikoni akidhani ni kosa lake.

Nilipopita kwako Juni na mzigo wa rangi nilichungulia kile chumba. Kuna meza yako, kuna mafaili mpaka dirishani, kitanda hakipo. Sasa anakuja kulala wapi? Na yeye anasema umemwandikia kwamba chumba kiko vile vile.

Mwambie wewe. Wewe ndiye mwenye maneno, mimi nauza misumari. Akilia, atalilia kwangu, hilo nitaliweza.

Mdogo wako, Rwema


Bukoba, shuleni
12 Oktoba 2025

Shangazi,

Shikamoo tena. Nimemaliza kipande cha pili jana na bweni limegawanyika kama bunge. Nani alifungua lango? Gaudiose anasema ni mpishi, kwa sababu ana jicho moja, eti watu wa jicho moja kwenye vitabu hawaaminiki. Nimemwambia huo ni ubaguzi. Mimi nasema ni Tolk, yule mlinzi mlevi. Alikuwa zamu, alikuwa na ufunguo, na alilia kupita kiasi.

Malkia hawezi kuwa. Alisimama mbele ya baraza zima akasema: "Walikuja kumchukua, nami sikuwa na nguvu ya kuwazuia." Na hawezi kusema uongo. Kesi imefungwa.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Nilikukumbuka siku ile getini, umeshika begi langu dogo, mama Trinah wa duka la jirani akauliza, "Kwani mtoto anaenda wapi?" Ukamjibu, "Baba yake amekuja. Mimi ni nani wa kumzuia?" Nilikuwa nimekaa kwenye gari nalia na nilisikia. Ndiyo maana sikukukasirikia hata siku moja, Shangazi. Nilimkasirikia baba tu, na nilimkasirikia vizuri.

Kuna kitu nimekumbuka. Usiku ukinisomea ulikuwa unafanya sauti ya Oreth nene, kama unasoma taarifa ya habari. Nikisoma peke yangu bado naisikia hiyo.

Umeongea na baba? Nimemwuliza, akaangalia viatu vyake. Kipande cha tatu kiko wapi? Kwa nini mabasi yote ya wiki hii yamekuja bila kitu?

Kaliza anayesubiri


Kabeza, Kigali
2 Novemba 2025

Kaliza,

Ennika anabaki hai, Malkia Oreth anavuliwa taji, na mahali pa lango la kale panajengwa lango jipya la mawe.

Najua nimevunja sharti la kutosema mwisho. Lawama ziende kwa kazi: kwetu habari huanza na lililotokea, mengine hufuata kwa uzito wake, na mhariri akikosa nafasi anakata kuanzia chini. Sasa unajua kinakoishia, unaweza kusoma bila kukimbia.

Samahani kwa kuchelewa. Nilikisoma mara mbili. Sura ya harusi ya viatu ni ya kuchekesha mno, na mzee wa supu anapewa heshima anayostahili. Kisu cha ofisini kimekuwa butu, kwa hiyo usishangae ukiona mshono wa kipande hiki umechanikachanika.

Desemba nimepangiwa mikutano ya wizara huko Kacyiru. Nitakuwa natoka asubuhi na kurudi nimechoka, na nyumba itakuwa haina mtu kutwa. Ingefaa likizo hii ukae Bukoba na baba yako. Mtazoeana.

Nimekuwekea biskuti za tangawizi zile za Kagugu, kutoka kwa yule mama aliyehamishia tanuri lake huko. Mgawie na Gaudiose.

Shangazi Mutesi


Bukoba, shuleni
16 Novemba 2025

Shangazi,

Baada ya ukurasa wa 388 kuna ukurasa wa 397.

Naanza na lililotokea, kama ulivyonifundisha. Mengine yanafuata.

Umeandika kwamba kisu cha ofisini kimekuwa butu. Nakuamini. Mshono wa mgongo umechanikachanika kweli. Lakini zile kurasa nane zimekatwa safi kabisa, kwa mstari ulionyooka. Hizo umezikata kwa wembe.

Ulisahau kwamba nakagua namba? Hapana, hukusahau, umelitaja mwenyewe kwenye barua ya kwanza. Nadhani ulitumaini nimekua.

Kwanza nilicheka. Nikamwambia Gaudiose, shangazi yangu ameondoa mambo ya mapenzi, ananiona bado mtoto. Mjomba wake alikuja Jumapili na kitabu kizima. Tukakifungua pale pale tukitafuta busu. Hakuna busu. Ni Ennika na bibi kipofu anayelinda lango. Ennika anamwuliza nani alifungua, na bibi, ambaye naye ni kichimbakazi, anajibu: "Aliyekulea. Alifungua kwa mkono wake akawakabidhi ufunguo. Baada ya hapo hakuwa na nguvu ya kuwazuia, kwa hiyo alisema kweli." Halafu Ennika anakaa kwenye ngazi anapitia kila neno ambalo malkia aliwahi kumwambia, na yote ni ya kweli.

Gaudiose akasema, "Sasa hii ina nini cha kumficha mtoto?"

Shangazi, ungeziacha. Ungeziacha tu! Ningesoma, ningemlilia Ennika, ningekuandikia kwamba Tolk maskini hana kosa. Nisingekufikiria wewe hata kidogo. Nilikuwa nimeshakufungia kesi.

Nikazitoa barua zako zote chini ya godoro nikafanya kama Ennika. "Hakuna mtu anayelala" si sawa na "chumba chako kinakusubiri." "Sheria iko upande wake" si sawa na "nataka urudi." "Nitaongea naye." Hukusema utaongea nini. Desemba una mikutano, kweli. Kila Desemba una mikutano. Kila Desemba nilikuwa nakaa kwa mama Trinah mpaka urudi, na hatukuwahi kuona kwamba ni tatizo. Na pale getini ulijibu swali kwa swali. Swali si uongo.

Sitaki maelezo. Nataka sentensi moja, na tuko bado ndani ya kitabu, kwa hiyo nitaiamini bila kumwuliza mtu mwingine yeyote. Andika:

Sikumwomba Rwema amchukue Kaliza.

Ukiiandika nakuja Desemba hata kama nitakaa peke yangu kutwa. Nitalala sebuleni. Sitakuuliza tena kuhusu zile kurasa maisha yangu yote.

Kaliza


Kabeza, Kigali
24 Novemba 2025

Kaliza,

Kurasa nane zimo ndani ya bahasha hii. Nilizikata kwa wembe na rula mwishoni mwa Oktoba. Hazikuharibika.

Sentensi uliyoomba haimo.

Nimefanya kazi hii miaka thelathini. Nimeandika habari ambazo watu walitaka zisiandikwe, na nimeacha habari ambazo watu walitaka sana ziandikwe, kwa sababu sikuweza kusimama nyuma yake. Sitaanza sasa, na sitaanzia kwako.

Hukutaka maelezo, kwa hiyo siyaandiki. Ninayo, na mengine ni mazuri. Yangemfaa mtu mwingine.

Sura ile ya lango ndiyo iliyoandikwa vizuri kuliko zote katika vitabu saba. Nilipoimaliza mara ya kwanza nilinyanyuka nikaenda kunywa maji, nikarudi nikaisoma tena nikiwa nimesimama. Mwandishi hamtukani malkia hata mara moja. Anaacha tu maneno yake yasomwe upya. Hilo ni jambo gumu kulifanya. Hukustahili kuikosa, na mimi sikuwa na haki ya kuikata.

Mvua zimeanza. Mama Trinah anakusalimu.

Mutesi


Bukoba
9 Desemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Tumefunga shule Ijumaa. Naandika kutoka dukani kwa baba, juu ya kopo la rangi.

Kurasa zimefika salama. Mama Claudette alinipikia gundi ya unga wa ngano, tukakiunganisha kitabu chote, vipande vitatu na kurasa nane mahali pake. Kimevimba kama kimenyeshewa lakini kinafunguka. Alifurahi kupewa kazi. Ameniuliza kama anaweza kukisoma akimaliza kuanua nguo, nikamwambia aanze na cha kwanza. Kipo huko Kabeza pamoja na vingine vitano. Vitume kwa basi ukipata nafasi. Usivikate.

Jana mchana duka lilikuwa halina wateja, nikamsomea baba sura ya lango. Unajua baba na vitabu. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika nyundo ya mteja aliyekuwa amekwenda kutafuta chenji. Akauliza, "Huyo malkia, hakuwa na mtu wa kumsaidia kulea?" Nikasema hakuwa naye. Akasema, "Basi yule aliyemwachia mtoto naye ana kesi yake." Ndipo nikamwuliza, na akaniambia. Baba hajui kudanganya. Mwaka mzima alikuwa anaangalia viatu tu. Alinieleza mpaka habari za chumba, kitanda na meza yako pale dirishani.

Nilimwomba msamaha. Hakujua afanye nini, akanipa soda.

Ukurasa wa mwisho, kama unakumbuka, Ennika anapita nje ya lango jipya jioni. Taa ya Oreth inawaka. Anasimama, anaitazama mpaka mvua inaanza, na hapigi hodi. Bweni zima liliuchukia mwisho huo. Gaudiose alitupa kitabu sakafuni. Mimi niliusoma mara tatu, na mara zote nilikuwa nausikia kwa sauti yako.

Ni kitabu kizuri kuliko vyote saba. Nakwambia kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia atakayeelewa.

Desemba siji. Meza yako usiihamishe.

Kaliza